Shih Pi-yun, Fundi wa Kompyuta za Maji, Anaweka Bisibisi Chini

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi katika Duka la Kompyuta la Heng-tai, Mtaa wa Chienkuo, hapa Kaohsiung, Bi Shih Pi-yun anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Ndiye fundi aliyekaa muda mrefu kuliko wote dukani, ndiye mwanamke wa kwanza kupewa meza ya ufundi katika mtaa mzima, na ndiye binti yangu. Hilo la mwisho nimeliweka mwisho kwa adabu tu. Kwangu mimi ndilo la kwanza.

Mtashangaa karatasi ya sherehe kuandikwa na mpishi. Bosi Yen alimpa kazi hii Tseng, fundi wa meza ya pili, naye Tseng akaandika mistari mitatu, miwili ikiwa ni jina na tarehe. Basi kalamu ikaletwa jikoni. Mimi napika chakula cha mchana cha duka hili na kupokea simu zake tangu baba yake Pi-yun alipofariki, kwa hiyo ni mfanyakazi mwenzake kama wengine. Shule niliishia ya msingi. Lakini mtoto huyu namjua, na hapo hakuna wa kunishinda. Kuleni huku mkisoma, supu isije ikapoa.

Alianza kazi enzi zile kompyuta ni nzito kama cherehani na mtaa wetu hauna hata pa kuegesha pikipiki. Leo, tusidanganyane, nusu ya milango imeshushwa, watu wananunua kwa simu, na kitu kikiharibika kinatupwa. Wakati ule foleni ilishuka mpaka kwenye ngazi. Mzee Yen, baba wa bosi wetu wa sasa, alimweka mbele auze diski. Mwezi haukuisha akamhamishia nyuma, kwa sababu kila aliyekuja kununua diski aliondoka kompyuta yake imeshapona, na diski hakununua.

Kompyuta za kupozwa kwa maji zilipoingia, mafundi wa mtaa huu walizikimbia. Wake na watoto wa mafundi mliokaa meza za nyuma, niwaelezeni kama nilivyoelezwa mimi. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, ndiyo ubongo wake. Ikipewa kazi nzito huwaka moto kama jiko. Zilizo nyingi hupozwa kwa feni. Hizi nyingine zina pampu ndogo inayosukuma maji kwenye mirija. Maji yanapita juu ya prosesa, yanabeba joto, yanalipandisha kwenye rejeta iliyo juu ya kasha, na feni zinalipuliza joto lile litoke nje. Basi, kama gari.

Mzee Yen alipoiona ya kwanza alipiga kelele, "Maji na umeme ndani ya sanduku moja? Binti, unataka kunichomea duka nikiwa hai?"

Pi-yun akamjibu, "Mzee, gari lako lina maji na petroli na umeme, na mkeo unampandisha humo humo."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Tangu siku ile kompyuta za maji zikawa zake. Kila kiungo alichokifunga alikilaza juu ya karatasi ya tishu, mashine ikakaa hivyo siku nzima, kisha akaiangalia ile tishu. Ikiwa na doa hata la ukubwa wa mbegu ya ufuta, anafungua vyote anaanza upya. Miaka yote hiyo hakuna mashine yake iliyovuja tone nje ya duka. Muulizeni yeyote mtaani. Wanaotengeneza kompyuta za maji Kaohsiung hii, wengi wamejifunza kwake au kwa mtu aliyejifunza kwake, na hilo nalisema bila kupunguza sauti.

Wengine mnakumbuka yule mteja wa chai. Kompyuta yake ilikuwa inapata joto, akaileta, Pi-yun akafungua tangi akanusa. "Mjomba, umeongeza nini humu?" Mjomba akajibu kwa fahari, "Chai ya maua ya krisanthemu. Si inapoza mwili?" Ndani ya pampu mlikuwa na maua. Pi-yun aliyatoa kwa kibano, moja moja, hakumcheka hata kidogo. Alimwambia tu, "Chai hii ni nzuri mno kwa mashine, mjomba. Kunywa mwenyewe." Tseng ndiye aliyecheka, tena akiwa amejificha chooni, na sisi wote tulimsikia.

Ndivyo alivyo. Mashine anaigusa kwa mkono mmoja na mwenye mashine anamshika kwa mwingine.

Sasa nifike pale ambapo Bosi Yen ameniomba nipite haraka. Sitapita haraka.

Mwaka juzi macho yake yalianza kuharibika. Halikuwa jambo la miwani. Katikati ya kila anachokitazama pana doa la kijivu, na doa linakua. Daktari wa kwanza alisema halitibiki. Wa pili alisema vivyo hivyo kwa maneno marefu. Jioni moja tulikaa mezani tunakula uji wa samaki, akaniangalia, akasema, "Mama, masikio yako nayaona. Uso ndio sina." Nikamwambia uso wenyewe umezeeka, hajapoteza kitu. Kisha nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Dukani alianza kufanya kazi kwa vidole. Skrubu alizijua kwa kuzigusa, mirija kwa joto lake, pampu kwa mtetemo wake. Lakini wateja wana macho. Walimwona anapapasa, wakamsogelea Tseng. Bosi Yen, na simlaumu, alimwita pembeni wakati mimi napanga masinia.

"Dada Pi-yun, mimi sikufukuzi. Lakini watu wanaona. Nitengenezee mashine moja ngumu, uimalize peke yako kwa mikono yako. Ukiweza, meza ni yako nusu siku kila siku mpaka uchoke mwenyewe. Ukishindwa, tufanye ya kustaafu."

Hana mume, hana mtoto. Alichonacho ni meza ile. Mimi nina miaka themanini, na nikiondoka mimi nani atamwita ale? Meza ile ingemfanya aamke, avae, apande ngazi, atukanane na Tseng, aitwe dada na watu. Nusu siku tu. Nilikwenda hekaluni nikaomba mashine ngumu, mjinga mimi, na wiki ile ile ikaja.

Ilikuwa ya Bwana Fang Kuo-liang, yule anayetengeneza filamu za maandamano ya mahekalu na za harusi. Kompyuta ya maji, aliijenga Pi-yun mwenyewe miaka michache nyuma. Fang alisema prosesa inapanda joto mpaka kwenye nyuzi mia, kisha mashine inajizima katikati ya kazi. "Nikifika kwenye fataki tu, inakufa," alisema. "Dada, sikukuu ya Matsu, mungu mama wa bahari, inakaribia. Niokoe."

Pi-yun aliiwasha mezani, akaipa kazi nzito kuliko filamu yoyote, akashika mirija miwili, wa kwenda na wa kurudi. Mrija mmoja ukiwa moto na mwingine baridi, maji hayatembei. Hapa yote miwili ilikuwa vuguvugu. Pampu ilikuwa inatetemeka vizuri kama koo la paka. Joto lilipanda kidogo likatulia. Akafungua, akafuta dawa ya joto ya zamani, ile nyeupe kama dawa ya meno inayopakwa kati ya prosesa na bamba la maji, akapaka mpya. Kando ya mashine akaweka pakiti yetu ya kijani, ile ya vitafunwa vya mahindi vya ladha ya nazi ambayo jina lake maana yake ni "uwe na adabu", tunayoiwekea kila mashine ili itulie; sharti iwe ya kijani kama taa ya kwenda, na tarehe yake isiwe imepita. Tseng akairudisha mashine kwa Fang, pakiti ikabaki dukani kungojea mgonjwa mwingine.

Haikupita wiki, simu. Niliipokea mimi. "Mama Pi-yun, imezima tena."

Akabadilisha pampu. Dukani mashine ilikuwa poa kama maji ya mtungi. Ikarudi kwa Fang, ikazima. Akafungua bamba, akasugua vijia vyake kwa mswaki, akamwaga maji yote akatia mapya, akatikisa kasha huku na huku kutoa mapovu. Dukani poa. Kwa Fang, moto. Akabadilisha rejeta na feni zake. Dukani poa. Kwa Fang, moto. Tseng akasema labda umeme wa nyumba ile ni mbaya, tukampelekea Fang kifaa cha kutuliza umeme. Moto. Akaambiwa awashe kiyoyozi. Akatetemeka yeye kwa baridi, mashine ikapata moto.

"Hii mashine ina wivu, dada," Tseng alimtania. "Haitaki kwenda nyumbani kwa bwana wake, inakutaka wewe."

"Basi mwambie ioane na mimi," Pi-yun akasema, "maana nyumbani kwangu nako nimechoka kukaa na mama peke yake."

Tulicheka. Lakini nilimwona chini ya meza anaikunja tishu, anaikunjua, anaikunja. Alikuwa ameacha kula chakula cha mchana. Akiletewa sinia analisogeza pembeni, anashika tena mirija. Usingizini alikuwa anataja majina ya vipuri. Mtu aliyetengeneza mashine za bandari, za hospitali, za kituo cha polisi, sasa anashindwa na sanduku moja, tena alilolijenga mwenyewe, na kila linaporudi watu wa mtaa wanatazama ngazi na kunong'ona. Nilisikia kwa masikio yangu kwenye duka la maziwa ya papai: "Yule mama amekwisha." Nikamwachia muuzaji glasi yangu imejaa.

Fang naye aliishiwa subira. "Dada Pi-yun, nakuheshimu, lakini mara hii ya mwisho. Njoo uione mwenyewe nyumbani, au niitupe."

Nilimpeleka kwa miguu nimemshika kiwiko, kwa kuwa taa za barabarani zilikuwa zimeshampotea. Mlango ulifunguliwa na mama yake Fang, Ama Fang, maana kwetu bibi huitwa ama, mzee kama mimi lakini mdogo wa umbo, ana tabasamu la meno mawili.

"Ndiye wewe fundi? Maskini, mashine hii imekutesa! Lakini usifikiri nimekaa bure. Na mimi naisaidia kwa upande wangu."

Fang aliiwasha, akaipa filamu yake, akaenda jikoni kututafutia vinywaji. Pi-yun akapiga magoti, akafungua ubavu wa kasha, akashika mirija. Yote miwili ilikuwa moto, moto wa kuunguza. Nilimwona uso umebadilika. Maji yanatembea, basi, ila joto halitoki. Akapandisha mkono ubavuni mwa kasha mpaka juu, pale rejeta inapopulizia, atafute upepo.

Upepo haukuwepo. Mkono wake uligusa kitambaa cha kudarizi, na juu ya kitambaa kitu kikachakacha kama karatasi ya plastiki.

Mimi nilikuwa nimeziona tangu mlangoni. Pakiti za kijani, zimepangwa bega kwa bega juu ya kasha lote, hakuna nafasi ya kupitisha kidole. Niliziona nikasema moyoni: hii ni nyumba ya watu wenye adabu. Fang aliziona kila siku. Tseng aliziona kila aliporudisha mashine, akamshukuru bibi. Nani ataziangalia mara mbili? Benki zinazo, hospitali zinazo, sisi wenyewe tunazo mpaka juu ya jokofu.

"Ama," Pi-yun akauliza polepole, "hizi ziko ngapi?"

"Sita, mwanangu! Ilianza na moja. Kila ikirudi kwenu halafu ikazima tena, naiongezea nyingine. Zote za kijani, hakuna ya njano wala nyekundu, na tarehe nazisoma mwenyewe kwa kioo cha kukuzia. Kitambaa nimekidarizi mimi ili zisiteleze."

Pi-yun aliupitisha mkono juu ya pakiti zote, moja moja. Kisha mkono wake ukateremka ndani ya kasha, ukafika kwenye kiungo cha mrija, ukasimama hapo. Alipoutoa, vidole vilikuwa vimelowa. Wiki zote zile za kupikwa, mrija ulikuwa umelegea. Kabla hajasema neno, ndani kukalia pya, skrini ikawa nyeusi, na harufu ya kuungua ikajaa chumba.

Fang aliingia na glasi. "Imezima tena? Nini hiki, kimeungua?"

Nikafungua mdomo. Binti yangu alinifinya paja, hajawahi kunifinya tangu azaliwe.

"Imevuja, Bwana Fang," akasema. "Maji yamedondokea bodi ya umeme. Haitapona tena. Kiungo hiki nilikifunga mimi, na sikukibana sawasawa. Ni macho yangu. Nisamehe sana."

Fang aliweka glasi chini. "Dada, ningejua macho yako yamefika hapo, nisingekuletea."

"Wewe, usimseme mwenzio hivyo!" Ama Fang akamkemea mwanawe. Akauchukua mkono wa Pi-yun, ule uliolowa, akaufuta kwa aproni yake. "Hakuna asiyekosea, mwanangu. Hata mimi nimekosea mengi."

Mlangoni Pi-yun alimwinamia. "Ama, mashine mpya ikija, pakiti ziwekee pembeni, mezani. Hizi za siku hizi zinapumulia juu."

Nilivumilia mpaka kona. Pale penye mti wa karakana ya pikipiki nikamgeukia. "Una wazimu wewe? Umetupa meza yako! Ungesema neno moja tu!"

"Neno gani, mama?"

"Kwamba ni yule bibi!"

"Halafu? Fang asingemfokea. Angenyamaza tu. Na yule mzee angekaa kwenye kile chumba na ule unyamavu mpaka kufa kwake. Aliiwekea kwa mapenzi, mama. Kila ikiugua, akaongeza." Akapapasa hewani mpaka akapata mkono wangu. "Mimi nilikuwa naondoka tu. Kama si mwaka huu, mwakani."

"Mwakani ni mwaka mzima!" nikamwambia. Nilikuwa nalia barabarani kama mtoto, na watu wa pikipiki wananizunguka. Tulirudi, na nyumbani nikamkatia papai, akala kipande kimoja kwa ajili yangu.

Neno "imevuja" lilifika mtaani kabla yetu. Bosi Yen hakufoka. Alisema, "Dada, umefanya ya kutosha," na maneno yale yalikuwa mabaya kuliko kufokewa. Tseng alihamia meza ya kwanza, akiinamisha kichwa, akaziacha tishu zake Pi-yun kwenye droo. Kwa kuwa tarehe ya kustaafu ilikuwa bado, Pi-yun aliendelea kuja. Alipanga skrubu kwenye makopo kwa kupapasa. Zilipokwisha kupangwa alizimwaga, akazipanga tena. Siku moja nilipompelekea wali nilimkuta amekaa mbele ya meza tupu, kiganja kimelala juu ya mbao, kama anapima joto. Nimezika wazazi, nimezika mume. Siku ile ndiyo iliyonishinda; niliuweka wali nikarudi jikoni.

Kisha, mwezi uliopita, saa ya chakula, tumekaa wote na masinia, tukasikia mtu anapanda ngazi zetu hatua na pumziko, hatua na pumziko. Alikuwa Ama Fang, na mfuko wa plastiki. Hakuketi alipopewa kiti.

"Bosi ni nani hapa?"

"Mimi, Ama."

"Wewe mtoto! Haya, nisikilize. Mwanangu alinunua mashine mpya. Pakiti nikaziweka pembeni kama fundi alivyoniambia. Juzi nafuta vumbi, nikapitisha mkono juu ya mashine, upepo wa moto ukanipiga kiganjani kama pumzi ya ng'ombe. Nikachukua pakiti moja nikaiweka pale juu, nione. Upepo ukakata." Akainua mkono, akautazama. "Nikasimama pale pale. Nilizokuwa nimeziweka mimi ni sita."

Hakuna aliyetafuna. Tseng alikuwa na kijiti kimoja cha kulia mdomoni, kingine hewani.

"Huyu alijua," akasema Ama Fang, akimwonyesha Pi-yun. "Alizihesabu kwa mkono wake, akazigusa zote, halafu akasema ni yeye. Mwanangu nimeshamwambia, kwa kinywa changu. Sasa nakwambia na wewe. Na nyinyi mkiwa na gazeti lenu, au tangazo, au chochote kile, andikeni, na jina langu mliandike. Fang Lai Wan-mei. Mimi si wa kufichwa nyuma ya macho ya mtu mgonjwa."

Ndiyo maana nimeandika, Ama, na jina lako ni hilo hapo, zima.

Bosi Yen alisimama, masikio yamekuwa mekundu. Mbele yetu wote alimwambia Pi-yun meza ni yake, nusu siku, siku nzima, apendavyo. Tseng akaanza kukusanya vifaa vyake hapo hapo, na Mungu ambariki kwa hilo. Mimi nilikuwa nimeshasimama, nimeshashika kifua, nimeshaanza kumshukuru Matsu kwa sauti.

Pi-yun alitikisa kichwa.

"Asante, bosi. Mwezi wa tatu ningekubali. Mwezi wa tatu nilikuwa bado naweza." Alizungumza taratibu, kama anayemweleza mteja bei. "Leo asubuhi Tseng alinipa prosesa nipake dawa ya joto, kunifurahisha. Nikaipaka meza, si prosesa. Yeye akafuta, akaniambia nimepaka vizuri. Tseng, nilisikia unafuta."

Tseng alilia waziwazi, mwanaume mzima, mchuzi unamdondokea shatini.

Basi ndugu zangu, ndivyo ilivyo. Ukweli ulipanda ngazi, lakini ulipofika, macho yalikuwa yametangulia kuondoka. Sina namna ya kulipamba hili, na nimejaribu tangu asubuhi.

Kwa niaba ya duka, na kwa niaba yangu mwenyewe, tunamshukuru marehemu Mzee Yen aliyemhamishia nyuma, Bosi Yen aliyeandaa meza hizi, Tseng aliyeifuta meza kimyakimya, na wateja wote, pamoja na mjomba wa chai. Mashine za maji za mtaa huu ambazo bado zinapoza, nyingi zimefungwa na mkono wa binti yangu, na ile moja iliyovuja, sasa mnajua ilivyovuja. Ama Fang ametuma pakiti ya kijani kwa kila meza. Chukueni mwende nazo. Muziweke pembeni.

Na wewe Pi-yun, najua mtu atakusomea haya, na najua utasema mama ametia chumvi. Sikutia. Tunakuombea siku nyepesi, ngazi chache, na watu wa kukuita dada kila mahali utakapopita. Kule kliniki wanakuita kila mwezi, na kila tukirudi ni yale yale. Huwezi kuziona, kwa hiyo nakwambia hapa mbele ya watu: kwenye kistuli kando ya kitanda chako nimekuwekea pakiti. Ilikuwa moja. Kila tukitoka kwa daktari naongeza nyingine, zote za kijani, tarehe nimezisoma mwenyewe. Zimefika saba. Nimezipanga pembeni, mwanangu, ili upumue.

Juan Chin-tuan, jikoni, Duka la Heng-tai. Mama yake.